Tuitambe Kwanza, Tuiainishe Baadaye

Katika vitabu vingi vya kiada vya shule za upili hapa Kenya, mwanafunzi hukutana na fomula ya kuanzia ngano ikiwa imelala ukurasani: Paukwa! Pakawa! Chini yake pana maelezo kwamba fomula huteka makini ya hadhira, hutenga ulimwengu halisi na ulimwengu wa ngano, na humtambulisha fanani, yaani msimulizi. Mwanafunzi anazikariri hoja hizo, anaziandika kwenye mtihani, anapata alama zake. Ukimwuliza iwapo amewahi kuitikia "Pakawa!" kwa sauti, akiwa na wenzake, mara nyingi jibu ni la. Hilo linaniuma, na ndilo lililonisukuma kuandika haya.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa viungani mwa Nakuru. Darasa langu la kidato cha pili lina watoto kutoka nyumba zinazozungumza Kikuyu, Kikalenjin, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kisomali na Kiturkana. Wapo pia waliozaliwa papa hapa mjini, ambao lugha ya kwanza kuisikia ni Kiswahili cha mtaani. Ninachoamini, na nimekisema mara nyingi katika mikutano ya idara, ni kwamba ngano haifai kuainishwa kabla haijatambwa. Itambwe kwanza, iitikiwe, iimbwe, ibishaniwe. Baada ya hapo ndipo tufungue madaftari tuulize kama ni hurafa (ya wanyama), ni ngano ya usuli (inayoeleza asili ya jambo), ni mighani (kisa cha shujaa), ni ya mazimwi au ni ya mtanziko (ya uamuzi mgumu). Istilahi zote tunazowafundisha ni majina ya vyombo vya kazi, na jembe halijulikani kwa kutajiwa sehemu zake ukiwa umekaa kivulini.

Nichukue hiyo fomula. Darasani siielezi. Naingia vitabu vikiwa bado vimefungwa, nasema, "Paukwa!" Mwanzoni mwa muhula nusu yao huitikia kwa kunong'ona na nusu hutazamana. Narudia. "Paukwa!" "Pakawa!" "Sahani!" "Ya mchele!" "Giza!" "La mwizi!" "Kiboko!" "Cha mtoto mkorofi!" Hapo wamekwisha kunyooka vitini, na yule aliyekuwa akitafuta kalamu chini ya dawati ameinuka. Kisha nawauliza ni nani aliyeianzisha ngano. Wengi husema ni mimi. Nawaambia wafikiri tena. Ningesema "Paukwa!" pasiwe na wa kuitikia, ngano ingekuwa haijaanza. Imeanza pale walipojibu wao.

Wenye jamaa pwani huleta ile nyingine: "Hadithi! Hadithi!" na jibu lake, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hapa hukaa kidogo, kwa sababu pana jambo kubwa. Hadhira yenyewe ndiyo inayouita uongo uje. Inakubali kwamba kwa muda ujao fisi atanena na mti utasikia, na haitamdai msimulizi ushahidi. Mwanafunzi akilielewa hilo kwa kinywa chake, hahitaji tena kukariri kwamba fomula hutenga ulimwengu halisi na wa kubuni. Amevuka mpaka huo mwenyewe.

Baada ya hapo wanaleta za kwao. Msichana mmoja wa Kisomali alisimama akasema "Sheeko sheeko!" na akatufundisha jibu, "Sheeko xariir!" Wakikuyu wakaleta "Ũga ĩtha!" na "Ĩtha!" Mimi nikawaongezea ya Wazulu, "Kwasuka sukela!" ambayo hadhira huijibu kwa "Cosi!" Bara letu hili, kutoka nyika za kaskazini hadi ncha ya kusini, lina milango tofauti ya kuingilia ngano, lakini hakuna hata mmoja unaofunguliwa na mtu mmoja peke yake.

Ngano ninayoitamba mapema kila mwaka ni ya mfua chuma. Wakikuyu wa darasani huwa wameisikia, au wazazi wao wameisikia. Mfua chuma anaondoka kwenda kiwandani mbali, anamwacha mkewe mja mzito. Mwanamke anashikwa na uchungu akiwa peke yake, na anayekuja kumzalisha ni zimwi. Zimwi linakaa pale nyumbani likijifanya mlezi. Linapika, linampelekea mzazi chakula hadi karibu na mkono, kisha linasema, "Naona hukitaki," na linakila lenyewe. Kila siku hivyo. Mwanamke na mtoto wanadhoofika. Siku moja ameanika mbarika juani, njiwa anakuja kudonoa. Mwanamke anamwambia, nikikupa mbarika hizi ule ushibe, utanipelekea ujumbe? Njiwa anakubali. Anaruka hadi kwenye viwanda, anatua juu ya mti, anaimba:

Mfua chuma unayefua, cangarara ica!
Fua upesi, cangarara ica!
Mkeo amejifungua, cangarara ica!
Mkunga wake ni zimwi, cangarara ica!

Mistari naiimba kwa Kiswahili na kiitikio nakiacha vilevile kilivyo. Hakuna anayehitaji kujua Kikuyu ili aitikie. Mimi husikia humo mlio wa chuma kikigongwa, na naamini watoto pia huusikia, maana bila kuambiwa huanza kugonga madawati kwa vifundo vya vidole. Mjaluo, Mturkana na Mluhya, wote wameshika pigo moja. Katika usimulizi wangu wafua chuma wanamfukuza njiwa mara ya kwanza, wanamfukuza mara ya pili, na mara ya tatu mmoja anasema, "Hebu nyamazeni, huyu ndege anasema nini?" Wimbo ule ule, maneno yale yale. Lakini mara ya tatu darasa haliimbi kama mara ya kwanza. Sauti zinapanda, wanataka yule mtu asikie. Msichana mmoja aliwahi kupaza sauti katikati ya wimbo, "Si uende nyumbani!" Akamwambia mfua chuma moja kwa moja, kana kwamba amesimama mbele yake.

Mume anarudi, anajificha darini, zimwi linakuja na mzigo wa kuni likinguruma, na mwanamke, ambaye sasa anajua kwamba hayuko peke yake, analijibu kwa ujasiri. Mkuki unamaliza kazi.

Kipindi kinachofuata nawapa jaribio. Nampa mwanafunzi mmoja aitambe ngano ile ile bila wimbo. Njiwa aende tu kiwandani amwambie mfua chuma kwamba mkewe amejifungua na zimwi linamtesa. Ngano inaisha kabla watu hawajatulia vitini. Kila kitu kimesemwa na hakuna kilichotokea. Nawauliza nini kimepotea, na majibu yao mengi ndiyo hoja zile zile za kitabuni, ila sasa zimetoka kwao: wimbo ulituingiza ndani, ulitupumzisha kusikiliza, ulichelewesha habari mpaka tukawa na wasiwasi, ulibeba ujumbe ambao zimwi lisingeuelewa hata likisikia. Hili la mwisho sikuwahi kuliona katika orodha yoyote ya dhima za nyimbo. Mvulana aliyelisema anatoka nyumba ambayo mama huimba akitaka watoto wajue kwamba baba amerudi akiwa na hasira. Alilijua jambo hilo kabla ya kuja shuleni.

Takriri, yaani urudiaji, nayo naifundishia ngano ya Mwalimu Goso, iliyosimuliwa Zanzibar na ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya huko. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mti. Paa akapanda kuiba matunda, buyu likaanguka, likampiga Goso kichwani akafa. Wanafunzi wakamzika, kisha wakaapa kumtafuta aliyemwua. Wakalikamata kusi: wewe ndiwe upepo uliolidondosha buyu. Kusi likasema, ningekuwa na nguvu hivyo, kiambaza, ukuta wa udongo, kingenizuia? Kiambaza kikamtaja panya anayekitoboa, panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe, ng'ombe akamtaja inzi, inzi akamtaja paa. Paa hakuwa na jibu.

Ngano hii ikisomwa kimya kwenye karatasi, inachosha. Mwanafunzi anaruka mistari kwa sababu anajua itasema yale yale. Basi tunasogeza madawati ukutani, tunasimama mviringo, kila mmoja anakuwa kiungo: wewe kusi, wewe kiambaza, wewe panya. Kila anayefikiwa lazima ataje waliomtangulia wote ndipo ajitetee. Akisahau mmoja, mnyororo unakatika na tunaanza upya. Hapo ndipo wanapoelewa kwa nini fanani hurudiarudia. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma, na msimulizi hana karatasi ya kuchungulia. Takriri ndiyo kumbukumbu ya wote wawili. Na kuna raha ndani yake, raha ya kujua kinachokuja na kukingoja kije. Watoto wadogo wanaijua raha hiyo, ndiyo maana husema "tena!" Wangu wana miaka kumi na mitano na bado husema "tena."

Halafu huwa wanabishana kama wanafunzi wa Goso walitenda haki. Paa alinyamaza tu. Je, kunyamaza ni kukiri? Na kama paa alitaka chakula na hakukusudia kuua? Siku moja mjadala huo ulikula kipindi kizima na mwalimu wa Hisabati akasimama mlangoni akingoja.

Mijadala hiyo inanileta kwenye swali ninaloliogopa kuliko yote katika ufundishaji wa ngano: "Hadithi hii inatufunza nini?" Naliogopa kwa sababu watoto wamefundishwa kulijibu kabla ya kufikiri. Tusiwe wavivu. Tusiwe na tamaa. Tuwatii wazazi. Majibu hayo yanaweza kubandikwa kwenye ngano yoyote, kwa hiyo hayasemi lolote kuhusu ngano hii.

Mfano ni mashindano ya mbio. Kila mwanafunzi anaijua ile ya sungura aliyelala njiani na kobe akampita polepole. Wameisoma kwenye vitabu vya shule ya msingi, na asili yake ni Ugiriki ya kale. Funzo wanalo mdomoni: polepole ndio mwendo. Nikawaambia waende nyumbani wamwulize mtu mzima kama anajua ngano nyingine ya mnyama mwepesi aliyeshindana na mnyama mzito. Jumatatu darasa lilikuwa na kelele. Wengi walirudi na kobe mwingine kabisa. Kobe huyo hakukimbia hata hatua. Aliwapanga ndugu zake njiani, mmoja kila kona, na kila mwepesi alipoita "Uko wapi?" kobe wa mbele yake akajibu, "Niko hapa!" Wengine walirudi na kinyonga aliyejishikiza kwenye mkia wa mshindani wake, na mwenziwe alipotaka kukaa kwenye kigoda cha ushindi, kinyonga akasema kwa upole, "Usinikalie, mimi nimekaa tangu zamani."

"Mwalimu, hiyo si ni ulaghai?" aliuliza mmoja, na uso wake ulionyesha kwamba ameudhika kweli. Mwenzake akamjibu kwamba yule mwepesi alijua tangu mwanzo kwamba kobe hana miguu ya mbio, sasa kumwalika kwenye mbio si ndio ulaghai wa kwanza? Mwingine akasema kobe alishinda kwa sababu ana ndugu wanaomwitikia, na sungura ana miguu tu. Hakuna aliyesema "tusiwe wavivu." Nyumba zetu zina kobe mjanja na mwenye ukoo, kitabu kina kobe mvumilivu aliye peke yake, na hawa wawili hawakubaliani kuhusu jinsi mnyonge anavyopaswa kuishi na mwenye nguvu. Mwanafunzi wa kidato cha pili ana haki ya kuujua mgogoro huo na kuchagua upande. Tukimpa funzo moja lililokwisha kupikwa, tunamnyima kazi nzuri kuliko zote ambayo ngano inaweza kumpa.

Mighani inahitaji uangalifu wa aina nyingine, hasa katika mji kama wetu, ambao watu wake wanakumbuka vizuri ghasia za kikabila zilizotokea baada ya uchaguzi wa 2007. Namfundisha Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe na mikuki haikumwingia. Maadui, Wanandi, wakampa binti yao amwoe. Lwanda akaugua, akamwambia mkewe achanje kivuli chake na kupaka dawa hapo. Mke akaona kivuli kinatoka damu. Usiku akatoroka kwao na siri hiyo. Vita vilipoanza tena, mkuki ukachomwa kwenye kivuli, na Lwanda akageuka jiwe. Jiwe lenyewe liko katika bonde la mto Nyando, na wasafiri huonyeshwa.

Vitabu humtaja yule mke kama msaliti na kuendelea mbele. Nilipomaliza kuitamba, msichana mmoja wa Kinandi, asiyependa kuongea darasani, aliinua mkono. "Lakini kwa watu wake huyo ni shujaa. Si alitumwa akaokoe ndugu zake?" Darasa likanyamaza, na nikaona baadhi ya wavulana Wajaluo wakigeuka kumtazama. Sikuliachia lipite. Nikamwomba ajiandae aitambe ngano hiyo wiki inayofuata kwa sauti ya yule mke, tangu siku alipoambiwa kwamba ataolewa na adui. Akaja nayo. Mke wake alimpenda Lwanda. Alishika wembe juu ya kivuli mkono ukitetemeka, na alipokimbia usiku alikuwa akilia. Wavulana wale wale waliogeuka ndio waliokuwa wa kwanza kumwitikia. Mmoja wao alimwuliza, kwa heshima, kama mke huyo aliwahi kurudi kuliona jiwe. Hakuwa amelifikiria hilo. Akasema, "Alirudi." Hapo hapo, mbele yetu, mighani iliongezeka tukio.

Baadaye tuliiweka sambamba na kisa cha Fumo Liyongo wa pwani, ambaye katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 anauawa na mwanawe mwenyewe kwa kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba. Jabali lisiloshindwa vitani, siri moja mwilini, na siri hiyo inatokea ndani ya nyumba. Wanafunzi waliyaona hayo bila kusaidiwa, kwa sababu kisa cha kwanza kilikuwa bado kinawawaka.

Utafiti nyanjani umo katika silabasi, na kwa kawaida hufundishwa kama orodha ya mbinu na matatizo yake. Mimi nawatuma. Kila mmoja akusanye ngano moja kwa mtu aliyemzidi umri, amwombe ruhusa ya kumrekodi kwa simu, na aandike mambo ambayo ngano yenyewe haisemi: nani mwingine alikuwapo, kazi gani ilikuwa ikiendelea, nani aliitikia, nani alimkatiza msimulizi na kumsahihisha. Wanarudi na habari za nyanya zao, yaani shosho, kogo, dani na kukhu, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na habari za wajomba na walinzi wa lango. Mwanafunzi mmoja aliambiwa na kogo wake arudi jioni ng'ombe wakishakamuliwa, kwa sababu ngano hazitambwi mchana. Wengi walikutana na mwiko huo. Nikawaeleza kwamba umeenea sana barani. Watoto wa Kizulu, kwa mfano, huonywa kwamba anayetamba ngano mchana ataota pembe. Mchana ni wa kazi, na mtoto aliyezama katika ngano hachungi mbuzi. Tangu hapo nimeomba vipindi vya fasihi simulizi viwekwe mwisho wa siku kadiri ratiba inavyoruhusu. Hatuwezi kuwasha moto darasani, lakini jua likiwa limeanza kulegea dirishani, sauti za watoto zenyewe hubadilika.

Rekodi zile hunipa pia ushahidi ninaouhitaji sana: kwamba hakuna ngano yenye nakala moja iliyo sahihi. Watoto watatu huleta ngano moja ya fisi aliyepasuka msamba kwenye njia panda, na fisi huyo kila mara anafuata harufu ya nyama tofauti, na msimulizi mmoja anamwacha hai. Wanafunzi hutaka kujua ipi ni ya kweli. Nawauliza ni shosho wa nani kati ya hao tumwambie kwamba amekosea.

Kuhusu lugha, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Mwanafunzi anapotamba, simkatizi. Akichanganya ngeli, akiingiza Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, akisema "ile fisi ilikuja" pale ambapo sarufi inataka "yule fisi alikuja," nanyamaza na kuandika pembeni. Sarufi ina kipindi chake na nitaifundisha kwa makosa hayo hayo, kesho. Fanani akikatizwa na mwalimu anageuka kuwa mtahiniwa, na hadhira nayo inageuka kuwa watazamaji wa mtihani wa mtu mwingine. Nimeona watoto wasioweza kumaliza sentensi tatu za insha wakiishika hadhira nzima kwa ngano ya sungura, wakibadilisha sauti kwa kila mhusika, wakijua hasa lini wanyamaze. Huo ni ustadi wa lugha. Insha hujengwa juu yake.

Na kuna ngano za kuangaliwa mara mbili. Zile za mama wa kambo mwovu ni nyingi mno, na darasani mwangu kuna watoto wanaolelewa vizuri na mama wa kambo. Kuna zinazomcheka kilema, na zinazompa mhusika mjinga kabila la jirani. Sizifichi, kwa sababu watazisikia tu. Naziweka mbele yao na kuuliza ni nani alikuwa akiitamba, kwa nani, na nani angeumia kama angekuwa ameketi hapo. Kisha wanaweza kuitamba upya. Kila fanani tuliyemrithi alifanya hivyo, alipunguza hapa na kuongeza pale kulingana na waliokuwa mbele yake.

Wenzangu huniambia hakuna muda. Silabasi ni ndefu, na Karatasi ya Tatu ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, inangoja na riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi wake. Nawaelewa, maana nami nina mtihani ule ule. Ila vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80, vya kutamba na kujadili ngano moja hufanya kazi ambayo wiki nzima ya kuandikisha maelezo haiwezi. Wapo pia wanaosema ngano ni za watoto wa shule ya msingi. Hawa huwakumbusha mwaka 1968, wakati wasomi Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo kikuu kishiriki cha Nairobi, Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, na fasihi simulizi ipewe heshima yake. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi School kujadili jambo hilo hilo kwa ajili ya shule. Watu walipigania ngano ziingie darasani. Hawakupigania ziingie kama orodha.

Mtihani wangu wa mwisho wa muhula nao umebadilika. Siulizi tena "taja sifa tano za ngano za mazimwi." Natoa ngano fupi wasiyoijua, nikiwa nimeuondoa wimbo wake. Nawataka waonyeshe wimbo ungekaa wapi, watunge mistari minne na kiitikio, wamtaje anayeimba na wanaoitikia, kisha waeleze kitakachoharibika wimbo huo ukihamishwa mahali pengine. Muhula uliopita ngano ilikuwa ya mtoto aliyepotea msituni, zimwi likimfuata nyuma. Karibu wote walimpa mtoto wimbo, amwite mama yake. Yule msichana wa Kinandi aliupa zimwi. Akaeleza kwamba zimwi likiimba mara ya kwanza sauti itoke mbali, mara ya pili fanani aisogeze, na kiitikio kiwe cha hadhira yote, ili sisi tunaosikiliza tujue limekaribia kabla mtoto hajajua, na tujikute tunaliimbia zimwi huku tukitaka mtoto akimbie. Nilimpa alama zote, na nikamwomba aitambe.